Mkebe, Mwenge na Msitu wa Mlima Kenya

Kila mwaka, baina ya Januari na Machi, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na za masika hazijashuka, nyasi za nyanda za juu za Mlima Kenya, zile ziotazo kwa mashungi mazito juu ya mpaka wa mianzi, hukauka kiasi ambacho cheche moja, ikisaidiwa na upepo wa alasiri, yatosha kuanzisha msiba ambao halaiki ya watu haiwezi kuumaliza kwa siku nyingi. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Machi 2012, moto ulipotambaa katika nyanda hizo hata maaskari wa wanyamapori, maaskari wa misitu, wanavijiji waliojitolea na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa nchini kwa mazoezi wakalazimika kupambana nao bega kwa bega. Na ndivyo ilivyokuwa tena mwishoni mwa Februari 2019. Mlima huo ni hifadhi ya taifa tangu 1949 na urithi wa dunia tangu 1997, walakini vyeo hivyo viwili, pamoja na taadhima yake yote, havijapata kuzima unyasi hata mmoja. Mto Kathita upitao Meru, mto Nithi, mto Thuci, na Rupingazi upitao kando ya mji wa Embu, yote hushuka kutoka huko juu, na yote huishia katika Tana, ambao mabwawa yake tangu Masinga hata Kiambere huwasha taa za watu wengi ambao hawajapata kuuona mlima wenyewe kwa macho.

Tukiuliza moto huo hutoka wapi, jawabu si la kutafutwa mbali, kwa maana aghalabu hutoka mkononi mwa mtu. Yuko mrina asali aliyeshuka mtini na mwenge unaodondosha makaa, yuko mchoma makaa aliyeliacha tanuri lake bila mlinzi, yuko mwindaji wa haramu, na yuko mkulima asafishaye shamba lake kando ya msitu siku ya upepo kwa kuwa jana yake alikuwa na shughuli nyingine. Katika akali ya miaka hii ya karibuni ameongezeka wa tano: kijana wa mjini apandaye njia ya Chogoria, au aingiaye katika misitu ya Imenti na Njukiri siku za mapumziko, mkoba mgongoni na kijiti cheusi cha cheche shingoni, ambaye amejifunza katika picha za simu yake kwamba mtu kamili ni yule awezaye kuwasha moto nyikani bila kiberiti. Huyu wa tano simwoni kuwa adui. Kupenda kwake kazi ya mikono ni jambo la kusifiwa katika zama ambazo vijana wengi hawajui kutia mpini jembe. Lakini hununua vyombo vilivyotengenezwa kwa misitu ya nchi za baridi na mvua, huvifungua, huviongeza, huvibadili kwa namna aionavyo mwenyewe, kisha huvijaribu mahali pabaya kabisa pa kufanyia majaribio.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba chombo cha kuwashia moto chaweza kutengenezwa upya nyumbani kwa salama na kwa gharama haba, na kwamba matengenezo yote yafaayo huelekea upande mmoja tu, upande wa kuufanya moto uwe mdogo, wa hakika, na wenye mpaka. Yale yanayoelekea upande wa pili, ya kuongeza ukali na urefu wa ulimi wa moto, yafaa kukatazwa na wazazi nyumbani kabla ya kukatazwa na serikali msituni.

Wazee wa Meru na wa Embu hawakuuchezea moto, na sababu mojawapo ni kwamba kuupata kulikuwa kazi. Ulindi, kijiti kigumu, ulipekechwa kwa viganja juu ya kibao cha mti laini kilichotobolewa kitundu na kukatwa mfereji ubavuni. Vumbi jeusi likajikusanya katika mfereji, likafuka, ndipo likahamishwa taratibu katika fungu la nyuzi kavu na kupulizwa. Viganja vya mmoja vikichoka, mwenzake hupokea kabla kijiti hakijapoa, na kazi ikishindwa hurudiwa tangu mwanzo. Kwa ajili hiyo moto wa jikoni haukuachwa ukazimika: kaa lilifukiwa chini ya jivu usiku, na aliyezimikiwa alikwenda kuomba kwa jirani, kigae mkononi. Hata katika zama za karibu zaidi, wapigania uhuru walioishi katika misitu hii wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, ambao miongoni mwao alikuwa Musa Mwariama wa Meru, asiyetoka msituni mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963, walikuwa wakiwindwa na ndege za vita, na kwa mtu wa hali hiyo moshi wa mchana ulikuwa hukumu ya kifo. Watu waliolazimika kuwasha moto mdogo waliujua moto vizuri kuliko sisi tunaoupata kwa kubonyeza.

Kiberiti kilipofika kiliondoa adha hiyo yote, na wachache hukumbuka kwamba kiberiti chenyewe ni chombo kilichotengenezwa upya kwa ajili ya usalama. Njiti za kwanza zilikuwa zikiwaka popote zilipokwaruzwa, hata mfukoni, na nyingi zilitiwa fosforasi nyeupe, sumu iliyowaozesha mataya wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya mpaka mataifa kadhaa yakakubaliana huko Bern, mwaka 1906, kuipiga marufuku. Tadbiri iliyotuokoa ilitoka Uswidi: mwaka 1844 Gustaf Erik Pasch alizitenga dawa mbili ambazo zikikutana huwaka, klorati ya potasiamu ikakaa kichwani mwa njiti na fosforasi nyekundu ikakaa ubavuni mwa kisanduku, ili moja isifanye kazi bila ya nyingine. Hakuuongeza moto nguvu, aliuwekea sharti. Na sharti hilo ndilo linalovunjwa na kijana anayekwangua vichwa vya njiti na kuvikusanya koponi ili apate mwako mkubwa, kwa maana dawa iliyorundikwa haihitaji zaidi ya msuguano mdogo kumwachia kovu la maisha.

Kwa hiyo na tuanze na kiberiti, ambacho kila mtu anacho. Mtu apandaye Mlima Kenya upande wa mashariki hukutana na ukungu na manyunyu hata katika miezi ya kiangazi, na kisanduku cha karatasi kilichokaa mfukoni mwa koti huwa ubao mbichi kufika jioni. Dawa yake ni nta, na nta ya nyuki haijapata kuwa adimu Mbeere wala Tharaka. Haiyeyushwi juu ya moto moja kwa moja, kwa maana nta ikipita joto lake hutoa mvuke unaoshika moto ghafula sufuriani, na ikishawaka ukaimwagia maji huruka nayo mpaka darini. Hutiwa katika kopo dogo, kopo likawekwa ndani ya sufuria yenye maji, na maji ndiyo yakatiwa moto. Meru na Embu ziko juu kiasi ambacho maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa kadiri ya nyuzi 95, nayo nta ya nyuki huyeyuka kwa nyuzi 62 hadi 64, basi maji hayo yenyewe huwa mlinzi asiyeruhusu nta kufika pabaya. Njiti huchovywa kichwa na nusu ya shingo, mara moja, hutolewa na kusimamishwa katika ukingo wa kadibodi mpaka ikauke, mbali na jiko. Kipande cha ubavu wa kisanduku hukatwa na kuhifadhiwa peke yake katika karatasi ya nailoni, kisichanganyike na njiti, tukifuata adabu ileile ya Pasch. Ni kazi ya nusu saa, na mtoto wa hirimu ya miaka kumi na miwili aweza kuifanya mzazi wake akiwa karibu, si chumba cha pili.

Kijiti cha cheche chataka maneno mengi zaidi. Ni mchanganyiko wa madini ya seriamu na lanthani pamoja na chuma, uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903, na vipande vyake vidogo ndivyo vile vijiwe vilivyomo ndani ya viberiti vya gesi vyenye gurudumu. Kikikwaruzwa kwa ukingo mkali, chembe zake hukatika na kujiwasha zenyewe hewani, kwa joto la kadiri ya nyuzi 3,000. Kinapouzwa huwa kimepakwa rangi nyeusi ya kukikinga na unyevu, na wengi hudhani wameuziwa kibovu kwa sababu rangi hiyo haitoi cheche; hukwanguliwa kwanza upande mmoja, basi. Kasoro ya kweli aghalabu haimo katika kijiti bali katika kile kipande cha bati kilichofungwa pamoja nacho, ambacho ni butu, na mtu akikosa cheche huongeza nguvu, na akiongeza nguvu hukosa shabaha.

Katika mabanda ya jua kali mjini Meru nilimtazama fundi mmoja akiirekebisha kasoro hiyo kwa vitu ambavyo angevitupa. Alichukua kipande cha msumeno wa kukatia chuma uliovunjika, urefu wa kidole cha shahada, akakibana katika jiliwa, akaitembeza tupa juu ya mgongo wake polepole, si kwa kuunoa kama anoavyo kisu, bali kwa kuusawazisha mpaka pembe zake mbili zikawa mraba kamili. Akaupitisha ukingo juu ya ukucha wa dole gumba. Ukakwangua unga mweupe, naye akaridhika. Meno ya upande wa pili akayafunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili yasile kiganja. Mteja wake, kijana mwenye haraka, akamwomba sasa akitoboe kijiti chenyewe kwa mashine ili apitishe uzi, naye akakataa katakata, akamwambia, “Hicho hakitiwi mashine, kijana wangu, leta mti nikutobolee mti.” Alikuwa na haki, kwa maana vumbi la madini hayo hushika moto kwa msuguano wa keekee na wa jiwe la kunolea la umeme, na mtu aliyeinamisha uso juu ya kazi hana nafasi ya kukimbia. Kitundu hutobolewa katika mpini wa mti, kijiti kikagundishwa humo, na uzi ukapita nyuma ya mpini. Mtumiaji naye hukiweka kikwaruzo kimya juu ya nyuzi zake, akakivuta kijiti nyuma, asije akalitawanya kwa mkono wake lile fungu alilolipanga kwa dakika ishirini.

Wako wanaouza, pamoja na vijiti hivyo, vipande vya magnesi vya kukwangulia unga. Kwa mtu wa nchi yetu sioni haja yake. Magnesi huwaka kwa ukali mkubwa, na ikiwaka hukasirishwa na maji badala ya kutulizwa, ilhali nchi hii imejaa vitu vikavu vinavyowaka kwa upole. Zipo nyuzi za katani. Yapo majani makavu ya mgrevilia, uitwao mukima na wenyeji, yanayorundikana chini ya kila mpaka wa shamba la kahawa Embu. Yapo magamba ya mtarakwa, ambayo mtu wa upande wa Timau huyapata katika nguzo kuukuu za ua wake bila ya kuuchuna mti ulio hai. Yapo maganda ya makadamia, ambayo yakishashika moto hukaa nao muda mrefu, na pumba za mbao zilizotiwa nta na kumiminwa katika vishimo vya trei ya mayai, kila kishimo kikawa moto mmoja wa chai. Vyote hivi hukusanywa nyumbani, jambo ambalo lina faida ya pili, nayo ni kwamba anayepanda na mwashio wake mkobani hana sababu ya kuvunja hata kijiti katika hifadhi, mahali ambapo sheria haimruhusu kuokota chochote.

Kitambaa kilichounguzwa kinapendwa sana na wapenda nyika, nacho ni kizuri, kwa kuwa hupokea cheche dhaifu na kuitunza pasipo ulimi wa moto. Hutengenezwa kwa pamba tupu, na hapa mtu anayenunua fulana ya mtumba kwa ajili hiyo hana budi kusoma kitambulisho cha shingoni, kwa maana nguo yenye nyuzi za plastiki huyeyuka ikawa utando mweusi usiofaa kitu. Vipande hutiwa katika mkebe wenye kifuniko kilichotobolewa tundu moja la msumari, mkebe ukawekwa juu ya makaa ya jiko nje ya nyumba, tena nje kwelikweli, si barazani penye dirisha la chumba cha kulala, kwa sababu moshi utokao tunduni una sumu ile ile iwauayo watu waliolala na jiko la mkaa. Moshi ukikoma, mkebe hutolewa, tundu likazibwa kwa kijiti, na kifuniko hakifunguliwi mpaka mkebe uweze kushikwa kwa mkono mtupu. Wasio na subira huufungua ungali moto, hewa ikaingia ghafula, na kitambaa chote kikawaka mbele ya macho yao.

Juu ya kiberiti cha gesi na petroli sitasema mengi. Kiberiti cha gesi hakitengenezwi upya. Anayekifungua vali ili ulimi wake upande umfikie jirani ametengeneza bomu dogo la mfukoni. Petroli haiwashii kuni, wala haichanganywi na mafuta ya taa katika koroboi, kwa maana mvuke wake hutangulia mbele ya mwali, na aliyeuinamia hufikiwa kabla hajafumba macho. Aliyekwisha kuungua atiwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha afunikwe kitambaa safi na kupelekwa hospitali. Dawa ya meno, mayai na unga, ambavyo majirani hukimbilia kumpaka kwa huruma, humwongezea daktari kazi ya kuvibandua na mgonjwa maumivu.

Nimekiweka nyuma chombo ninachokiona bora kuliko vyote, nacho hakimo katika mikoba ya vijana wa mjini. Katika nchi kavu ya Mbeere na ya Tharaka, mizinga ya magogo hutundikwa juu ya miti, na kwa kuwa nyuki wetu ni wakali, mrina hupanda jioni au usiku, mwenge wa magome na nyasi ukimtangulia. Mwenge huo hauna kosa la ustadi. Walioubuni walijua wafanyalo. Lakini ni moto usio na nyumba. Kila anapoupunga hudondosha makaa, na makaa yaangukayo usiku katika nyasi za Agosti au za Februari hayafuatwi na mtu aliye juu ya mti akiumwa. Msitu wa mlimani nao una warina wake, wenye idhini na wasio nayo, wanaofuata nyuki katika miti mikubwa yenye mashimo, na mwenge ni ule ule.

Katika miaka ya 1870, mfuga nyuki wa Marekani aitwaye Moses Quinby alikipa umbo chombo kinachotumika hata leo karibu dunia nzima: moto umefungwa katika kopo la bati, mvukuto umeungwa chini yake, na kitokacho mdomoni ni moshi peke yake. Moshi ndio anaoutaka mrina, kwa maana huwafanya nyuki wajaze matumbo asali kana kwamba wanajiandaa kuhama, na huifunika ile harufu ambayo mlinzi mmoja akiitoa wenzake wote huamka. Ulimi wa moto haumfai kitu. Huunguza mabawa na masega na kumharibia bei sokoni. Chombo cha dukani si rahisi kwa mtu mwenye mizinga minne, lakini cha nyumbani chawezekana, na nimekiona Embu kikifanya kazi yake bila aibu.

Hutafutwa makopo mawili, moja likaingia ndani ya jingine na kuacha nafasi ya kidole kati yao, nayo yawe yalikuwa ya maziwa ya unga au ya mafuta ya kupikia, kamwe si ya rangi wala ya dawa ya shamba. Huunguzwa kwanza matupu, nje, ili utando wa ndani uishe kabla ya kuigusa asali. Kopo la ndani hutobolewa matundu chini, likainuliwa kwa mawe madogo au kwa waya uliokunjwa, ili pumzi ya mvukuto ipite chini ya makaa wala isiyazime. Kopo la nje halishikwi kwa mkono, basi huzungushiwa kizimba cha waya. Mvukuto ni mbao mbili zilizounganishwa kwa mpira wa tyubu na kufunguliwa na springi ya godoro kuukuu. Mafuta yake ni magunzi, kinyesi kikavu cha ng'ombe, au gunia la katani lililofuliwa, kisha juu yake hutiwa shada la nyasi mbichi la kupoza moshi na kuzuia cheche. Kabla ya kuukaribia mzinga, mrina hupuliza moshi juu ya kifundo cha mkono wake mwenyewe: ukimchoma, utawachoma nyuki. Kazi ikiisha, mdomo huzibwa kwa shada la majani mabichi, chombo hulazwa ubavu juu ya ardhi tupu, na moto hufa kwa kukosa pumzi. Jivu hurudi nalo nyumbani na kumwagiwa maji huko.

Kwa mwenye mzinga wa kisasa wa vipau, ule uliobuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuning'inizwa kimo cha kiuno, hata haja ya kupanda mti na moto haipo tena. Mzinga huo na mkebe ule wa moshi ni ndugu, na ajabu ni kwamba miradi mingi hugawa mzinga, ikapigwa picha, ikaondoka, na mrina akabaki na mwenge wake ule ule wa zamani.

Sheria haikusahau moto. Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Misitu ya mwaka 2016 imekataza kuwasha moto au kutupa kitu kiwakacho katika msitu wa umma pasipo idhini, nami siombi katazo hilo lilegezwe. Juu ya mpaka wa mianzi, moto wa kuni hauna mahali kabisa. Apandaye huko na apike kwa jiko la gesi lililokaa juu ya jiwe, na kijiti chake cha cheche kiwe cha kuliwashia jiko hilo tu. Lakini katazo peke yake halijamfikia mrina aliye juu ya mti saa mbili za usiku, wala kijana ambaye hana mahali pengine alipofundishwa. Watasema wengine kwamba kuwafundisha vijana vyombo vya moto ni kuwachochea. Ningewakubalia lau ujinga ungewazuia kuvinunua. Madhali vimekwisha kuwa shingoni mwao, swali lililobaki ni kama watavijaribu kwanza uani kwa baba, penye ndoo ya maji na ardhi iliyofagiwa, au watavijaribia Imenti.

Walimu tunao, na si wa kuagizwa. Maskauti wa shule zetu wanafundishwa moto tangu hapo, na mwanzilishi wao Baden-Powell amezikwa Nyeri, upande wa pili wa mlima huu huu, tangu mwaka 1941. Kilichosalia ni kuirefusha katika mafunzo yao sura ya kuzima, ambayo huenda mbio mno kila ninapoihudhuria. Vyama vya jamii vya misitu vina orodha ya warina wao na vinajua nani huingia wapi. Mafundi wa jua kali wa Meru, Chuka, Runyenjes na Siakago waweza kuunda vyombo vya moshi mia kwa mia iwapo serikali za kaunti zitavinunua kama zinunuavyo mizinga. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, ambao makao yao yako Nchiru na ambao neno lao juu ya misitu ya jadi lingali likiogopwa kuliko bango la serikali, waweza kutamka kwamba kurina asali kwa mwenge ndani ya msitu ni taksiri yenye faini, na wakisikika watasikika mpaka Igembe.

Na katika malango ya msitu, askari anayetoa idhini angeongeza swali moja katika karatasi yake. Badala ya kuuliza jina, nambari ya kitambulisho na ada tu, aseme, “Nionyeshe utakachowashia, na nionyeshe utakachozimia.” Mrina atoe kopo lake lenye kizimba na dumu la maji; mpanda mlima atoe jiko lake na kikwaruzo chake, na maji yake; na asiye na la pili, hata la kwanza likiwa zuri namna gani, aliache kwenye rafu ya ofisi mpaka atakaporudi kulichukua jioni.